Uzito, Tope na Maji: Kwa Nini Kifaru cha Vita Hakikufika Mwanza Mwaka 1916

Katika mwezi wa Septemba 1916 yalitokea mambo mawili yaliyopishana kwa siku nne tu. Tarehe 15, karibu na mto Somme nchini Ufaransa, jeshi la Uingereza lilitumia vifaru vitani kwa mara ya kwanza katika historia. Tarehe 19 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Jeshi la Waingereza, lililokuwa limeuteka mji wa Mwanza tangu tarehe 14 Julai, nalo lilikuwa likielekea Tabora, lakini Wabelgiji walipoingia lilikuwa bado njiani. Kilicholichelewesha zaidi hakikuwa risasi za adui, bali uzito wa mizigo yake lenyewe.

Mwanafunzi wa historia husoma habari za kifaru cha vita katika sura ya Ulaya, na habari za wapagazi katika sura ya Afrika Mashariki, kana kwamba hazina uhusiano. Mwanafunzi wa fizikia husoma juu ya kanieneo na kuelea bila kuambiwa lolote kuhusu sura hizo mbili. Hata hivyo swali lililowakabili watu wa Somme na watu wa Mwanza lilikuwa moja: mzigo mzito ukiwa hauna budi kusogea, utabebwa na nini chini yake?

Meli ya nchi kavu

Kufikia mwisho wa mwaka 1914 mahandaki ya pande mbili yalikuwa yameenea kwa kiasi cha kilomita 700, kutoka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi. Mbele ya handaki palikuwa na seng'enge, na nyuma ya seng'enge palikuwa na bombomu, kama rashasha zilivyoitwa na askari wa wakati ule, zenye uwezo wa kupiga risasi 500 na zaidi kwa dakika moja. Mtu aliyetoka handakini kwa miguu hakuwa na kinga. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya vita vya Somme, zaidi ya askari 19,000 wa jeshi la Uingereza waliuawa.

Ilihitajika ngao ya chuma inayotembea. Magari yenye deraya yalikuwapo tayari, lakini yalikuwa na magurudumu, na gurudumu huanguka katika handaki au huzama katika shimo lililochimbwa na kombora. Jawabu lilitoka shambani. Mwaka 1904, huko Stockton katika jimbo la California nchini Marekani, Benjamin Holt alikuwa amejaribu trekta lililoondolewa magurudumu ya nyuma na kuwekewa minyororo mipana. Mashamba ya bonde lile yalikuwa na udongo laini mno, nayo matrekta ya mvuke yalikuwa yakizama. Trekta la Holt halikuzama. Lilipewa jina la kiwavi kwa Kiingereza, yaani Caterpillar, na Mtanzania yeyote aliyewahi kuona barabara ikichongwa hulijua kwa jina la katapila.

Jambo ambalo vitabu vingi hulipitia kwa haraka ni kwamba kifaru hakikuanzishwa na jeshi la nchi kavu. Kamati iliyoundwa mwezi Februari 1915 kuchunguza wazo hili ilikuwa ya Wizara ya Majeshi ya Majini ya Uingereza, chini ya Winston Churchill, na chombo chenyewe kiliitwa meli ya nchi kavu. William Tritton na Walter Wilson wakakisanifu katika kiwanda cha William Foster mjini Lincoln, ambacho kilizoea kutengeneza mashine za kilimo. Mizinga miwili iliyotiwa ubavuni mwa kifaru cha kwanza ilikuwa mizinga ya majini. Ili kuficha siri, waliokiona njiani waliambiwa kuwa ni tangi la maji, na hivyo Waingereza hukiita tangi hadi leo. Wasemaji wa Kiswahili walikiita kifaru, jina linaloeleza umbo, ngozi ngumu na tabia ya kwenda mbele bila kugeukageuka. Ni vigumu kukana kuwa jina hili linafaa zaidi. Sarufi nayo imetenganisha viumbe hivi viwili vizuri: mnyama ni kifaru huyu, na chombo ni kifaru hiki.

Kifaru hicho cha kwanza, Mark I, kilikuwa na uzito wa kiasi cha tani 28, watu 8 ndani yake, na injini yenye nguvu za farasi 105, yaani chini ya nguvu 4 za farasi kwa kila tani. Mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilomita 6 kwa saa. Kukiendesha tu kulihitaji watu 4 kati ya wale 8. Injini ilikaa katikati yao bila ukuta wowote, kwa hiyo joto na moshi wenye sumu viliwalegeza kabla hata adui hajawaona. Kati ya vifaru 49 vilivyopangwa kushambulia tarehe 15 Septemba, karibu theluthi moja havikufika hata mahali pa kuanzia.

Hesabu ya kanieneo

Kanieneo ni nguvu inayokandamiza, igawanywe kwa eneo linalokandamizwa. Nguvu ikiwa katika newtoni na eneo katika mita za mraba, jibu huwa katika paskali. Ili kurahisisha, kila kilo moja na ichukuliwe kuwa na uzito wa newtoni 10.

Tani 28 ni newtoni 280,000. Kila mnyororo wa Mark I ulikuwa na upana wa sentimita 52. Juu ya ardhi ngumu, kwa sababu ya umbo lake lililopinda, ni sehemu fupi tu ya mnyororo iliyogusa chini. Tuseme mita 1.5. Eneo la minyororo miwili ni 2 × 0.52 × 1.5, yaani mita za mraba 1.56, na kanieneo ni kilopaskali 180 hivi. Lakini kifaru kikianza kudidimia katika udongo laini, sehemu ndefu zaidi ya mnyororo hugusa. Ikifika mita 4, eneo huwa mita za mraba 4.16, na kanieneo hushuka hadi kilopaskali 67. Werevu wa chombo hiki ulikuwa hapo: kadiri kilivyozama ndivyo kilivyopata eneo zaidi la kukibeba.

Sasa na ilinganishwe na vitu vingine. Gari la deraya lenye tani 4, likiwa na matairi 6 na kila tairi likigusa ardhi kwa sentimita za mraba 150, hukandamiza kwa kilopaskali 440 na zaidi. Ng'ombe wa kilo 300 aliyesimama kwa kwato 4, kila kwato sentimita za mraba 50, hukandamiza kwa kilopaskali 150. Akitembea, baadhi ya kwato zikiwa hewani, huzidi hapo. Mpagazi wa kilo 60 aliyejitwika mzigo wa kilo 25, akikanyaga kwa unyayo mmoja mtupu wenye sentimita za mraba 150, hukandamiza kwa kilopaskali 57.

Yafaa nambari hizi zisomwe mara mbili. Kifaru cha tani 28 kilichozama kidogo katika tope na mpagazi asiye na viatu wanakaribiana sana. Gari la deraya, ambalo uzito wake ni sehemu ndogo tu ya uzito wa kifaru, huikandamiza ardhi mara sita au saba zaidi. Ardhi haiulizi kitu kina tani ngapi, bali kila sentimita ya mraba imepewa kiasi gani.

Udongo nao una kikomo chake. Wakulima wa Usukuma waliutambua ukweli huu kwa majina muda mrefu kabla ya maabara. Ukishuka kutoka kwenye majabali ya matale hadi bondeni, kama inavyoonekana vizuri katika miinuko ya Ukiriguru karibu na Mwanza, hupitia kwanza udongo wa mchanga uitwao isanga na luseni, kisha udongo mgumu uitwao ibambasi, na mwisho mbuga, yaani mfinyanzi mweusi. Mwanasayansi Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, alieleza katika miaka ya 1930 mfuatano wa namna hii kwa neno la kisayansi lenye maana ya mnyororo, na Usukuma imebaki mfano mashuhuri wa mfuatano huo. Mfinyanzi wa mbuga una chembe ndogo sana zinazonyonya maji na kuvimba. Kiangazi hupasuka na kuwa mgumu kama tofali, na lori hupita juu yake bila kuacha alama. Masika huwa kama uji mzito, na mfinyanzi laini wa namna hiyo unaweza kushindwa kuhimili hata kilopaskali 50. Hapo mpagazi huzama hadi kwenye kifundo cha mguu, ng'ombe hukwama, na gari haliingii kabisa.

Ulaya nako somo hilo lilipatikana kwa gharama kubwa. Mwezi Julai 1917 Waingereza walishambulia katika nyanda za mfinyanzi za Ubelgiji baada ya kufyatua makombora zaidi ya milioni 4, ambayo yaliivunjavunja mitaro ya kuondolea maji mashambani. Mvua ikanyesha, na vifaru vingi vikazama na kuachwa. Tarehe 20 Novemba mwaka huohuo, huko Cambrai, vilipelekwa vifaru zaidi ya 400 juu ya ardhi ya chokaa inayopitisha maji, ambayo haikuharibiwa kwanza kwa makombora, na siku hiyo mahandaki ya Wajerumani yalivukwa. Chombo kilikuwa karibu kilekile. Kilichobadilika ni ardhi. Hata hivyo vifaru 179 vilikuwa vimekwisha kuondoka vitani jua lilipotua, na kati ya hivyo 71 viliharibika mitambo na 43 vilikwama.

Ziwa kama barabara

Ziwa Viktoria lilikuwa na meli za mvuke tangu reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901. Meli hizo zilitengenezwa Uingereza, zikavunjwa vipande, zikaletwa kwa reli na kuunganishwa ziwani. Vita vilipoanza mwaka 1914, meli za abiria na mizigo kama Winifred, Nyanza, Usoga na Kavirondo zilitiwa mizinga. Wajerumani walikuwa na chombo kidogo kilichoitwa Muansa, na hawakuwa na reli ya kufika ziwani. Reli yao ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928, chini ya Waingereza.

Tofauti hiyo ilitosha kuamua mengi. Chuma kinachoelea hubebwa na maji yanayosukumwa kando, kama Archimedes alivyoeleza. Na ichukuliwe tishali bapa yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 5, eneo la mita za mraba 100. Kifaru cha tani 28 kikiwekwa juu yake, tishali itazama zaidi kwa sentimita 28 tu, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maji ina tani moja. Maji hayana mbuga wala masika. Yanachodai ni kina cha kutosha, na yeyote anayesahau hilo huadhibiwa: mwezi Novemba 1914 meli Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, ikaachwa hapo hadi ilipookolewa mwaka uliofuata.

Mwezi Juni 1915 meli hizo zilivusha askari kutoka Kisumu hadi Bukoba, wakavunja kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani na kurudi. Mwezi Juni 1916 kisiwa cha Ukerewe, chenye mpunga mwingi, kilitwaliwa. Baadaye ikaja zamu ya Mwanza. Wajerumani walikuwa wameulinda mji, na miongoni mwa silaha zao ulikuwamo mzinga mmoja kati ya 10 iliyotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Mtutu pekee wa mzinga wa aina hiyo ulikuwa na uzito wa kiasi cha tani moja na nusu. Kutoka reli ya kati hadi ziwani ulilazimika kupita nchi kavu, na mizinga hii katika safari zake ilivutwa kwa kamba na mamia ya watu.

Jeshi lililoongozwa na Jenerali Charles Crewe halikuushambulia ulinzi huo uso kwa uso. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Julai askari walianza kuteremshwa ufukweni upande wa mashariki, mbali na mji, wakauzunguka kwa miguu. Wajerumani walipoona wanazingirwa waliondoka kuelekea kusini, na tarehe 14 mji ukatwaliwa. Handaki ambalo huko Somme lilihitaji kuvukwa kwa kifaru, hapa lilizungukwa kwa meli. Na hii ndiyo sababu ya kwanza ya kifaru kutofika Mwanza: hakikuhitajika mahali ambapo ulinzi una mwisho wake na maji yanapita kando yake.

Mahali maji yalipokwisha

Kutoka Mwanza hadi Tabora ni kiasi cha kilomita 350. Ziwa halikuweza kusaidia tena, reli haikuwapo, na magari yalikuwa machache. Wanyama wa mizigo waliuawa na ndorobo. Upande wa kaskazini-mashariki magari ya deraya ya Rolls-Royce yalikuwa yametumika karibu na Kilimanjaro mapema mwaka huohuo, lakini mvua za masika zilipoanza barabara zikageuka tope, na jeshi lililokuwa limefika Kondoa Irangi mwezi Aprili likakatiwa chakula kwa wiki kadhaa. Kilichobaki kilikuwa unyayo wa binadamu, wenye kilopaskali 57.

Hesabu ya mpagazi ni ya darasa la sita, lakini inatisha. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga. Yeye mwenyewe anahitaji kiasi cha kilo moja kwa siku. Akitembea kilomita 20 kwa siku, Tabora iko mbali kwa siku 17 na nusu, na kurudi ni siku 17 na nusu nyingine, jumla siku 35. Mzigo wake wote unamlisha kwa siku 25. Maana yake ni kwamba mpagazi anayejilisha kutoka katika mzigo wake hawezi kumfikishia askari wa Tabora hata kibaba kimoja kisha akarudi Mwanza akiwa hai. Hesabu hii haikosolewi kwa kuongeza wapagazi, maana kila mmoja anakuja na tumbo lake.

Njia zilikuwa mbili tu. Ama jeshi lingengoja hadi akiba ipangwe kituo kwa kituo, ama chakula kingetwaliwa katika vijiji vya njiani. Yote mawili yalifanyika. Crewe alifika Shinyanga mwisho wa mwezi wa Agosti, na Wabelgiji wakamtangulia Tabora. Katika nchi nzima nafaka na mifugo vilichukuliwa na majeshi ya pande zote, na vijana waliotakiwa kulima walikuwa wakibeba mizigo. Ugogo, ambako ukame uliongezeka juu ya hayo, njaa ya miaka ya mwisho ya vita ilipewa jina la Mtunya, na wazee waliendelea kuhesabu umri kwa jina hilo miaka mingi baadaye.

Wapagazi waliotumikia upande wa Waingereza peke yake waliokufa hukadiriwa kuwa karibu laki moja, wengi wao kwa kuhara, homa na utapiamlo. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam linatokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Mhandisi wa Lincoln alitatua tatizo la kanieneo kwa chuma. Hapa lilitatuliwa kwa nyayo za watu, kwa kuwa watawala waliona nyayo hizo hazina gharama.

Kifaru kilipofika ziwani

Vifaru vilifika katika ufuko wa magharibi wa Ziwa Viktoria miaka 62 baadaye, katika vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Tanzania mwaka 1978 yalivunja daraja la Kyaka, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilihitaji daraja la kuelea kabla ya zana nzito kuuvuka mto Kagera. Kifaru cha aina ya T-54, kilichoenea katika majeshi mengi ya wakati huo, kina tani 36, lakini minyororo yake ina upana wa sentimita 58 na hugusa ardhi kwa mita 3.84. Mwanafunzi akipiga hesabu atapata kilopaskali 81 hivi juu ya ardhi ngumu, chini ya nusu ya kile cha mwaka 1916, ingawa uzito umeongezeka.

Hata hivyo kinamasi cha ziwa hakikubali kilopaskali 81. Huko Lukaya, kati ya Masaka na Kampala, barabara imejengwa juu ya tuta linalokatiza kinamasi kirefu, na kando ya tuta hakuna gari linalopita. Katika vita vya tarehe 10 na 11 Machi 1979 vifaru vya Tanzania vililazimika kufuata barabara hiyo, na brigedi nyingine ikatumwa kuuzunguka ukingo wa kinamasi hadi nyuma ya adui, kama vile askari wa mwaka 1916 walivyouzunguka ulinzi wa Mwanza, ila safari hii kwa nchi kavu.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuyathibitisha haya bila chombo chochote cha ghali. Mwanafunzi asimame kwa mguu mmoja mtupu juu ya karatasi yenye miraba ya sentimita moja, mwenzake achore mzingo wa unyayo, kisha miraba ihesabiwe. Uzito wa mwanafunzi katika newtoni ukigawanywa kwa eneo hilo, lililogeuzwa kuwa mita za mraba, jibu ni kanieneo yake.

Baadaye ndoo mbili zijazwe udongo, moja wa luseni na nyingine wa mbuga, na kila moja imwagiwe kiasi kilekile cha maji. Uachwe usiku kucha. Asubuhi kipande cha mbao chenye sentimita 5 kwa 5 kiwekwe juu ya udongo, na mawe yaliyopimwa yaongezwe juu yake moja baada ya jingine, huku kina cha kuzama kikipimwa kwa rula. Kilo 10 juu ya kipande hicho ni kilopaskali 40. Jaribio lirudiwe kwa kipande cha sentimita 10 kwa 10 na mawe yaleyale, na matokeo ya vipande viwili na udongo wa aina mbili yachorwe katika grafu moja.